Ngamia wa Bwana A

Isiolo, 18 Januari 1987

Kwa Abti yangu Ebla, mwalimu wa Merti,

Salaam aleikum. Huku tu wazima, isipokuwa goti la mama yako Sadia, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko watu wa serikali, na mimi mjomba wako, tunayeitana Abti wewe na mimi, ambaye sitabiri kitu. Tumbo langu limekua. Dereva anasema nikikaa mbele lori linainama upande wangu. Nimemwambia hiyo ni heshima, lori linamjua mwenyewe. Falis mke wangu anakusalimu. Yule ng'ombe mwekundu wa Rapsu amezaa tena, ndama jike, na kila Jumapili naletewa maziwa jerikani nzima. Mama yako anakunywa chai nzito kama uji na kusema hiyo ndiyo dawa ya goti. Bisharo, mjane wa marehemu Dualeh aliyekuwa dereva wangu, bado anauza mikate ya anjera hapa nje ya ofisi. Alisema nikusalimu, basi umesalimiwa.

Sasa nisikilize. Ulipoomba kutumia redio kol yangu ya hapo stoo ya Merti, nilikubali haraka. Nilifikiri utaongea kidogo, useme shule haina unga, uzime. Sikujua ni darasa! Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri, mwalimu anaongea moja kwa moja kutoka Nairobi, wanafunzi wanamjibu hapo hapo kutoka Marsabit, kutoka Wajir, kutoka kwenu, kila mtu akimaliza anasema "ova" yake. Wewe Merti unamsikia mwalimu vizuri, yeye Nairobi hakusikii. Nani anakaa katikati akirudia kila neno lako? Mimi. Mzee mwenye malori matatu na heshima yake mjini, nimegeuka bomba la maji.

Sikatai kazi. Kiingereza changu unakijua. Marehemu babu yako alikitoa jeshini akaniachia makombo. Ndiyo maana nashukuru majibu marefu unayatoa kwa Kiswahili. Ninachouliza ni hiki: huyu Jonah ni nani? Umesema ni wakili mstaafu, anawatayarisha watu wazima kwa mtihani wa kuingia chuo kusoma sheria. Sawa. Lakini anafundisha watu asiowaona, bila kuomba hata kwato ya mbuzi. Mimi nimefanya biashara tangu kabla ya ndevu, na sijaona mtu anayetoa bure isipokuwa anataka kitu ambacho bado hajakitaja. Ana mke? Na kwa nini anasema "vizuri sana, Merti", lakini Marsabit akijibu anasema "haya"?

Mama yako hajui kwamba nakuuliza. Yaani anajua, lakini hajui kwamba nimekwambia.

Mimi Abti wako,
Guleid


Merti, 3 Februari 1987

Kwa Abti Guleid,

Waaleikum salaam. Barua yako ilifika imechelewa kwa sababu lori lilivunjika springi kabla ya kufika hapa, na dereva aliitumia bahasha kufunikia kikombe. Nimeisoma kupitia duara la chai. Mimi mzima, watoto wa darasa la sita wazima, Chachu wa stoo anakusalimu na kusema panya wamekula gunia. Mwambie Mama asiteremke ngazi za ofisi yako bila fimbo.

Mwalimu Jonah ana mke. Ndiye yule mama anayekohoa nyuma yake na kumwambia chai inapoa. Ana wajukuu. Redio si yake, ni ya shirika moja la misaada analolisaidia mambo ya sheria, nao wamempa hiyo saa moja. Nilimuuliza swali lako kwa adabu, kwa nini anafundisha bure. Alisema amekaa kortini maisha yake yote, na watu wa kaskazini aliwaona upande mmoja tu, ule wa kushtakiwa. Marsabit anaambiwa "haya" kwa sababu hasomi.

Abti, mtihani ni mwezi wa Julai, Meru. Wanaopita umri wangu hawawakubali tena kwa njia hii. Nikikosa mwaka huu, basi nitafundisha hesabu hapa mpaka nizeeke, na hesabu yenyewe siipendi. Kwa hiyo redio hii ndiyo mlango wangu, na wewe ndiwe bawaba.

Nina ombi moja. Jumanne nilisema mshtakiwa ana haki ya kunyamaza. Wewe ukamwambia mwalimu: "Merti anasema mshtakiwa ana haki ya kunyamaza, lakini akinyamaza sana watu watajua ni yeye." Hiyo ya pili sikusema mimi.

Mwezi ujao kila mwanafunzi ataleta kesi moja ya kujadiliwa, ya mambo ya kwao. Nitakuja na yangu. Tafadhali irudie ilivyo.

Wako,
Ebla


Isiolo, 9 Machi 1987

Kwa Ebla,

Salaam aleikum, na kama umeketi, kaa vizuri. Mama yako mzima. Falis mzima. Mimi sijui.

Ile kesi yako ya Alhamisi. Niliirudia ilivyo, kama ulivyoagiza, sikuongeza hata chumvi. "Bwana A alipewa ngamia jike na mwanamke mjane, amkamue wakati wa shida, amrudishe shida ikiisha. Mjane akafa, akaacha binti, Bibi B. Miaka imepita. Ngamia amezaa, na mtoto wake amezaa. Bwana A anasema wote ni wake, kwa sababu hakuna aliyekuja kudai. Je, ni wake?" Nikasema ova. Nikajisifu moyoni kwamba nimetamka vizuri.

Binti yangu, unajua ni redio ngapi zinasikiliza hapa katikati? Ya chifu. Ya polisi. Ya mifugo. Ya zahanati. Kila mtu mwenye redio ana jamaa mlangoni anakunywa chai na kutega sikio. Na sauti waliyosikia si yako. Ni yangu! Mimi Guleid nimesimama hewani na kutangaza kwamba kuna mtu amekula ngamia wa yatima, na kwamba namjua, ila namficha kwa herufi moja.

Ijumaa baada ya swala mzee mmoja wa Kinna alinishika mkono akakataa kuuachia.

"Guleid, mimi na wewe tuna ubaya gani?"

"Hatuna."

"Basi mbona unanisema redioni? Yule ngamia marehemu alinipa kabisa. Kuna shahidi."

"Shahidi ni nani?"

"Alikufa."

Jumamosi akaja mchinjaji wa sokoni, hakunisalimu, akasema tu: "Mimi nilikuwa nataka kurudisha, ni mvua ilichelewa." Nikamwambia sijui anazungumza nini. Akaniangalia kama ninavyowaangalia watu wa ushuru. Jumapili likaja neno kutoka Korbesa, kwa Jirma, yule mwenye ngamia wengi, kwamba kama ni yeye ninayemsema niseme uso kwa uso. Watu wanne mpaka sasa, Ebla, na kila mmoja ana uhakika kwamba Bwana A ni yeye! Na wale ambao hawana uhakika wananiuliza kama ni jirani yao.

Kwa hiyo sema na mjomba wako. Bwana A ni nani? Niandikie jina tu. Nitajua nimwepuke nani na nimtetee nani. Unaniogopa mimi?

Halafu, nauliza tu, ni mambo ya elimu: kama angekuwa ng'ombe na si ngamia, sheria ingekuwa hiyo hiyo? Kuna mtu hapa mjini alitaka kujua.

Guleid


Merti, 21 Machi 1987

Kwa Abti Guleid,

Waaleikum salaam. Natumaini goti la Mama linaendelea. Huku joto limezidi hata mbuzi hawabishani. Nimepona homa niliyokuwa nayo, ambayo sikukuandikia kwa sababu ungemwambia Mama.

Jina sitalitaja. Usikasirike. Mwalimu alitufundisha kwamba mtu akiulizwa swali asilolazimika kulijibu, anaweza kunyamaza, na kunyamaza kwake kusihesabiwe kuwa jibu. Wewe ndiwe uliyeongeza lile lingine.

Kuhusu swali la yule mtu wa mjini: ngamia au ng'ombe ni sawa. Kilichotolewa kikamuliwe hakikutolewa kimilikiwe, na mtoto humfuata mama yake. Ndivyo mwalimu alivyoamua, na ndivyo wazee wa hapa wangeamua pia, kama wasingekuwa wanatazamana hivi.

Maana wanatazamana kweli. Juzi bibi mmoja mzee wa upande wa mto aliamka akakuta mbuzi wawili wamefungwa mlangoni kwake. Hakuna aliyeona waliletwa na nani. Aliwajua kwa alama ya sikio. Ni wa marehemu mumewe. Sasa watu wanasema Bwana A ni mtu wa mbuzi pia.

Wako,
Ebla


Merti, 28 Aprili 1987

Kwa Abti Guleid,

Salaam aleikum. Nakutakia Ramadhani njema, ambayo labda itakuwa imeanza barua hii ikifika. Mto umejaa na lori lako limelala ng'ambo siku nyingi. Tunamwona tanboi wa dereva akitupungia mkono, hatupati sukari.

Sijapata jibu la barua yangu ya Machi. Tangu mwanzo wa mwezi huu sijapata pia Isiolo hewani. Jumanne na Alhamisi naketi mbele ya redio pamoja na Chachu. Namsikia mwalimu Jonah akiita, "Merti, Merti, unanipata?" Namjibu. Hanisikii. Ninamsikia akisema polepole, "Merti hayupo leo pia," halafu anaendelea na Wajir. Abti, ni kitu kibaya kusikia mtu akisema hupo na wewe upo.

Chachu anasema redio yako ikikosa umeme, huwa inatoa mlio fulani inapozimika. Anasema hakusikia mlio. Anasema ilizimwa. Mimi nimemwambia Abti yangu hawezi kufanya hivyo. Ninakuandikia ili uniambie kwamba nilimwambia kweli.

Qabale, mjane jirani yangu, anakusalimu. Mumewe zamani alisafirisha ngozi kwa lori lako. Siku hizi anakaa nje ya nyumba yake akitazama njia ya Korbesa. Nikimuuliza anatazama nini, anasema anapunga upepo.

Wako,
Ebla


Isiolo, 16 Mei 1987

Kwa Ebla,

Salaam aleikum na Ramadhani karim. Tunafunga, na mimi nafunga kwa bidii kwa sababu nina akiba mwilini. Mama yako anasali tarawehe ameketi. Falis ametengeneza sambusa, na siku hizi tunafuturu kwa chai ya strungi. Maziwa nimeacha. Tumbo halikuwa linayapenda. Mtu akifika umri wangu ni lazima alisikilize tumbo lake.

Redio: betri ilichukuliwa na lori. Lori bila betri haliendi, na redio bila betri haisemi, ikabidi nichague, nikachagua lori kwa sababu ndilo linalotulisha. Ndiyo habari yote.

Lakini hata betri ikirudi, Ebla, sikiliza nikuambie kama mjomba. Mambo hapa si mazuri. Watu wananipa mkono wa kushoto wa moyo. Nikiingia hoteli, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Mzee wa Kinna amehamisha mizigo yake kwa msafirishaji mwingine. Usiku wa pili wa mfungo mtu alisema msikitini, bila kunitaja, kwamba kusengenya kunaharibu saumu hata kukipitia kwenye waya. Na wote wanauliza swali moja, na mimi sina jibu, na hakuna anayeamini sina.

Na mimi mwenyewe, nitasema ukweli, nimeanza kufikiri. Kwa nini usiniambie? Wewe mtoto niliyekubeba mabegani kwenda kuiona ndege ikitua. Mtu hamfichi mjomba wake jina la mwizi isipokuwa mwizi ni jamaa. Ni jamaa? Ni mtu wa nyumba hii? Mama yako alisema kitu? Bisharo alisema kitu? Huwa mnaandikiana?

Basi niamue hivi. Niandikie jina, redio iwake. Usipoandika, betri ibaki kwa lori. Si adhabu. Ni mtu anayetaka kujua anarudia maneno gani kwa mdomo wake.

Guleid


Merti, 30 Mei 1987

Kwa Abti Guleid,

Eid mubarak kwako, kwa Mama na kwa Falis.

Nimesoma masharti. Jina siandiki.

Bisharo hajawahi kuniandikia, na mimi sijamwandikia. Sijui kwa nini umemtaja.

Kama redio haiwaki, nitaingia mtihani na nilichonacho. Wengine wataingia na miezi mitatu zaidi yangu. Nikishindwa sitasema ni wewe. Nitasema nilishindwa. Lakini sitakununua kwa jina la mtu, Abti, na wewe ndiwe uliyenilea nisifanye hivyo.

Mpe Mama zile dawa. Anazificha chini ya mkeka.

Ebla


Isiolo, 21 Juni 1987

Kwa Ebla,

Salaam aleikum. Hatujambo, na dawa tumezipata chini ya mkeka, pamoja na pipi. Mama yako amekataa kuhojiwa.

Barua yako fupi niliisoma mara moja nikaiweka, nikaisoma tena, nikamwuliza Falis kama mimi ni mtu mbaya. Akasema mtu mbaya hapana, mtu wa woga ndiyo. Nilikuwa bado naikunja barua wakati Jirma wa Korbesa alipoingia ofisini.

Umesikia Jirma ni mrefu. Aliinama mlangoni, akaweka fimbo juu ya karatasi zangu.

"Guleid. Washa hiyo kitu."

"Jirma, salaam kwanza, bwana."

"Salaam baadaye. Mimi nimerudisha. Yule ngamia wa mume wa Qabale, na mtoto wake, na mtoto wa mtoto. Qabale amepokea, Merti yote imeona. Sema kwa redio."

"Niseme Bwana A ni wewe?"

"Sema si mimi!" Fimbo ikaruka juu ya meza. "Kama mimi ni Bwana A, ningekuwa bado naye. Sinaye. Kwa hiyo si mimi."

Ebla, huyo si lazima afanye mtihani.

Nikamwambia redio haina betri, iko kwa lori. Akainama, akaangalia chini ya meza yangu. Mtu aliyechunga ngamia maisha yake yote ana macho mabaya sana. Akasema, "Na hii nyeusi ni nini? Mtoto wa lori?"

Sitasema zaidi juu ya hilo. Wewe utakuwa wakili, utajaza mwenyewe.

Nikaunga waya. Haikuwa saa ya somo, kwa hiyo nilitangaza kwa wote waliokuwa hewani kwamba Jirma wa Korbesa amerudisha ngamia wa mjane, watatu, na kwamba si Bwana A. Akanikodolea macho mpaka nikarudia kwa Kiborana. Halafu akakaa, akanywa strungi vikombe viwili, akanisalimu. Akasema mume wa Qabale alikuwa rafiki yake, na kwamba mwanzo hakutaka kumla yule ngamia. Ni kila mwaka alisema mwaka ujao.

Kesho yake nikakuta mchinjaji wa sokoni ameketi kwenye ngazi. Na yeye anataka kutangazwa. Kesho kutwa mzee wa Kinna, na shahidi, safari hii akiwa hai. Wiki jana nilikuwa naambiwa nizime, wiki hii nikikaribia kuizima watu wanasema, "Wewe Guleid unataka kutuficha?" Kwa hiyo redio inawaka. Mwalimu wako alikuwa hewani Alhamisi, akasikia orodha yangu ya ngamia na mbuzi kabla ya somo, akauliza kama Isiolo kumekuwa mnada. Nikamwambia subiri kidogo, ova.

Kuwa mbele ya redio Jumanne. Jina sikuulizi tena. Yaani nataka kulijua, ila sikuulizi.

Guleid


Merti, 14 Septemba 1987

Kwa Abti Guleid,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na Mama, na Falis. Hapa kumekauka lakini maji yapo. Qabale ameleta maziwa ya ngamia shuleni kwa watoto wa darasa la kwanza na amekataa kushukuriwa. Haangalii tena njia ya Korbesa. Chachu ananiomba nikuulize kuhusu panya.

Abti, nimepita. Karatasi ilifika jana kwa gari la mifugo. Naenda Nairobi mwezi ujao kuanza sheria. Nimelia kidogo, halafu nikasahihisha hesabu za darasa la sita kwa sababu zilikuwa zinasubiri. Kila jibu nililoandika kule Meru, nililisikia kwanza kwa sauti yako ukimwambia mwalimu, hata pale ulipoongeza yako. Mambo mengine siwezi tena kuyatenganisha.

Sasa nikupe ulichotaka. Bwana A hayupo.

Mwalimu Jonah alitusomea mtihani wa zamani wa Uingereza. Bibi mmoja alimwachia jirani yake piano aitunze. Piano ni lile sanduku kubwa la muziki ambalo liko kule misheni, unalibonyeza meno. Bibi akafa, jirani akasema piano ni yake. Basi. Alituambia tuchukue kesi kama hiyo tuifanye ya kwetu. Nilikaa na Chachu tukafikiri, ni kitu gani hapa mtu anamwachia mwenzake, kikubwa, cha kujivunia, na watoto wanakigombania? Nikaandika ngamia. Piano haizai, kwa hiyo kuzaa niliongeza mwenyewe.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia mwezi wa tatu. Nilikuwa nimeshika kalamu nikwambie, wallahi. Halafu yule bibi wa upande wa mto akapata mbuzi wake. Nikajua nikisema hakuna Bwana A, kila mtu atalala usingizi mzuri, na Qabale atabaki akipunga upepo. Sikudanganya. Kila mtu aliniuliza Bwana A ni nani. Hakuna aliyeniuliza kama yupo.

Mwalimu Jonah nilimweleza baada ya mtihani, kwa simu ya posta pale Meru. Kwanza nikasikia mkewe akicheka nyuma yake. Mwenyewe alisema hilo nisilirudie nikiwa wakili. Halafu akasema, lakini piano hiyo imefanya kazi.

Hii ni siri yetu. Jirma asijue.

Na habari moja ya nyumbani. Nilipopita Isiolo mwezi wa Julai kwenda Meru, wewe ulikuwa safarini Marsabit. Nilikula anjera kwa Bisharo. Alinipa na chai ya maziwa, nzito kama ile ya Mama ya zamani. Nikamuuliza maziwa mazuri hivi anapata wapi. Akasema ni ya ng'ombe wake mwekundu, yule ambaye Dualeh alimpeleka Rapsu mwaka wa ukame kabla hajafa, palipokuwa na majani. Alikuwa ameshamkatia tamaa. Lakini mwezi wa tatu, asubuhi, lori lilisimama nje ya nyumba yake likamshusha, yeye na ndama wake wote. Nikauliza lori la nani. Bisharo alicheka tu, akaniongezea anjera.

Sina swali, Abti. Nakupa habari tu.

Ebla wako


Isiolo, 27 Septemba 1987

Kwa wakili Ebla,

Salaam aleikum, na hongera mpaka mlima Kenya usikie. Mama yako alipiga vigelegele hadi jirani akaja na maji akidhani ni moto. Goti limepona kabisa. Sasa anasema kumbe ni maziwa ndiyo yalikuwa yanaliumiza, na anatembea mjini akieleza watu dawa ya strungi. Falis ameanza kukufungia mizigo, na ameweka sufuria ambazo Nairobi pia zipo. Nimemwacha. Utasafiri kwa lori langu, mbele, na mimi nitakaa nyuma ili lisiiname.

Nilikwenda misheni kuiona hiyo piano. Niliomba kwa adabu, nikaibonyeza jino moja. Nikafikiria mzee wa Kinna na mchinjaji na Jirma na fimbo yake, wote wakikimbizwa na hiyo kitu, nikacheka hadi padri akanipa kiti. Usiwe na wasiwasi, siri imekaa. Jirma alikuja juzi akauliza kama Bwana A ameshapatikana. Nikamwambia uchunguzi unaendelea. Akaondoka haraka kidogo.

Jambo moja sikukuandikia. Somo la mwisho, ulipokwisha kuzima, mwalimu wako alibaki hewani. Nikafikiri anataka kitu, nikakaa tayari, maana unanijua. Alisema tu, "Vizuri sana, Isiolo." Sikuwa na mtu wa kumrudishia.

Ile sehemu ya mwisho ya barua yako, ya Bisharo na mambo ya lori, hapo sikukupata vizuri. Kulikuwa na upepo mwingi kwenye laini.

Safari njema, Abti. Ova.

Guleid